Mathieu: Ugunduzi wake ulikanushwa akiwa kaburini

MWANAHISABATI Émile Mathieu alizaliwa Metz, Ufaransa, mwaka wa 1835, akapata shahada ya uzamifu jijini Paris mwaka wa 1859.

Mnamo 1861 na 1873 alichapisha makala kuhusu kupanga vitu upya. Kuvipanga kwa kila namna ni jambo jepesi. Kugumu ni kuteua baadhi tu ya namna hizo, ambazo ukizifuatanisha hutoki nje yake, na bado vitu vyovyote vitano viweze kupelekwa nafasi zozote tano utakazo. Mathieu alipata makundi hayo adimu kwa vitu 12, kisha 24. Hili la pili lina namna 244,823,040.

Paris haikumpa uprofesa. Alifundisha Besançon, halafu Nancy, alikofariki mwaka wa 1890. Ajabu ni kwamba baadaye alijikita zaidi katika kazi za fizikia.

Mwaka wa 1898 Mmarekani George Miller alichapisha hoja kuwa kundi la vitu 24 halipo kabisa. Marehemu hangeweza kujitetea. Miller aliikana hoja hiyo mwaka wa 1900, lakini ni Mjerumani Ernst Witt aliyekata mzizi wa fitina mwaka wa 1938.