Kegel: Tabibu aliyeupa mwili wa mzazi nguvu bila kisu

MCHUUZI wa omena anayejitwika beseni kutoka ufuoni Mbita, Kaunti ya Homa Bay, huenda hajapata kulisikia jina la Arnold Kegel. Hata hivyo, iwapo mkojo humponyoka kila anapoinua mzigo, anapokohoa au anapocheka, basi tabibu huyo Mmarekani, aliyefariki miongo mingi iliyopita, aliutumia ukomavu wa maisha yake kutafuta suluhisho la shida hiyo hiyo.

Kegel alizaliwa mwaka wa 1894 katika jimbo la Iowa. Umaarufu wake wa kwanza ulikuwa wa kisiasa. Mnamo 1927, meya wa Chicago, William Hale Thompson, alimtimua kamishna wa afya wa jiji hilo, Herman Bundesen, na kumkabidhi Kegel wadhifa huo. Upepo wa siasa ulipogeuka mwaka wa 1931, Bundesen alirejea na Kegel akaondoka.

Jina lililodumu alilipatia Los Angeles, alikofundisha magonjwa ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Southern California. Wagonjwa wake wengi walikuwa kina mama waliovujwa na mkojo baada ya kujifungua. Madaktari wa enzi hiyo waliutegemea sana upasuaji. Kegel alishikilia kwamba misuli iliyolegea iimarishwe kwanza kwa mazoezi, kama ifanyiwavyo misuli mingine ya mwili.

Misuli hiyo imetandazwa chini ya nyonga mithili ya machela, kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kitokono nyuma. Ndiyo inayobeba kibofu, mji wa mimba na sehemu ya mwisho ya utumbo. Uzazi huinyoosha, na wakati mwingine huichana.

Mnamo 1948, Kegel alichapisha makala iliyoeleza mbinu yake pamoja na kifaa alichokibuni: mfuko mdogo wa mpira wenye hewa, unaoingizwa ukeni na kuunganishwa na kipimo cha shinikizo. Mwanamke alipobana misuli, aliuona mshale ukipanda, hivyo akajua kama anapata nguvu. Kegel aliagiza mazoezi ya dakika 20, mara tatu kwa siku.

Aliripoti kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa wake walifaulu. Hata hivyo, hakuwalinganisha na kundi la wasiofanya mazoezi, na ilibidi watafiti waliomfuata wathibitishe manufaa hayo kwa vipimo vikali zaidi. Wala hakuwa wa kwanza. Katika miaka ya 1930, mcheza dansi Margaret Morris na wenzake wa Hospitali ya St Thomas, London, walikuwa tayari wakiwafundisha wazazi mazoezi ya aina hiyo.

Jambo lililosahaulika zaidi katika kazi ya Kegel ni kwamba hakumwachia mgonjwa maelezo ya mdomo tu. Alimpima kwa vidole kuhakikisha anabana misuli inayofaa. Utafiti uliofanywa Marekani mwaka wa 1991 ulionyesha busara yake: takriban nusu tu ya wanawake walioelezwa kwa maneno walibana ipasavyo. Wengine walisukuma chini, jambo linaloweza kuzidisha tatizo.

Abanaye vyema huhisi kana kwamba anazuia mkojo na hewa kwa pamoja, huku misuli ikivutwa ndani na juu. Makalio hayakazwi, na pumzi haizuiwi. Wataalamu siku hizi hupendekeza kubana angalau mara nane, mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu.

Mnamo 1998, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliongeza ujuzi mwingine. Walibaini kwamba wanawake waliofunzwa kubana muda mfupi kabla ya kukohoa walipunguza uvujaji kwa kiasi kikubwa katika wiki moja. Kwa mbeba beseni au mtungi wa maji, maana yake ni kubana kwanza, kisha kuinua huku akitoa pumzi.

Mazoezi hayo yana mipaka. Mkojo unaotiririka usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa uzazi wa muda mrefu, huenda ukawa ishara ya nasuri ya uzazi, yaani fistula. Tundu hilo huhitaji daktari wa upasuaji, kama waliotibiwa katika hospitali iliyofunguliwa na Reginald na Catherine Hamlin jijini Addis Ababa mwaka wa 1974 wanavyofahamu.

Leo jina la Kegel limekuwa jina la zoezi lenyewe. Zoezi hilo halihitaji duka la dawa wala nauli ya kuvuka ziwa. Linamhitaji mkunga au muuguzi atakayeuliza, na mama atakayethubutu kulitaja tatizo ambalo wengi hulifumbia macho wakidhani ni malipo ya kuzaa.