Mkono wa Sawamura

Wengi wetu ni watu wa kandanda, na besiboli twaisikia kwa mbali tu. Ni mchezo wa mrushaji na mpigaji: mmoja avurumisha mpira, mwenziwe amngoja na gongo mkononi, na akiukosa mara tatu hutoka.

Marehemu Eiji Sawamura, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa mrushaji. Tarehe 20 Novemba 1934, mjini Shizuoka, kijana huyu wa miaka 17 alikabiliana na magwiji kutoka Marekani. Akawatoa wanne mfululizo: Gehringer, Babe Ruth, Gehrig na Foxx. Hebu fikiri, msomaji, kijana mdogo hivyo kuwapiga chenga mabingwa wa dunia! Kweli Wajapani walishindwa 1-0 kwa pigo la Gehrig, lakini jina lililobaki midomoni mwao ni la Sawamura.

Akiwa na timu ya Giants ya Tokyo, mara tatu, 1936, 1937 na 1940, alimaliza mchezo mzima bila ya wapinzani kupata hata pigo moja safi.

Kisha vita. Jeshi lilimwita mara tatu. Mkono uliozoea mpira ukarushishwa mabomu ya mkono, mazito mno, hata bega likaharibika. Aliporudi kiwanjani akawa arusha kwa ubavuni, kasi imekwisha. Timu ikamwacha.

Tarehe 2 Desemba 1944 meli iliyokuwa ikimpeleka Ufilipino ilizamishwa na nyambizi ya Marekani, nchi ile ile ya akina Ruth. Alikuwa na miaka 27. Mwaka 1947 Giants waliiweka kando fulana yake namba 14, asiivae mwingine.