Patrice Lumumba na Bunge Lililofungwa



Aliyefika Dar es Salaam anaufahamu Mtaa wa Lumumba. Wengi hupita pale kila siku, lakini ukiwauliza vijana huyo Lumumba alikuwa nani, watakujibu kwamba alikuwa shujaa wa Kongo, kisha watanyamaza. Na sisi watu wa Rungwe tunayo sababu ya kuijua habari yake. Wazee wetu wengi walikwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na vita nitakavyovisimulia vilipiganwa ng'ambo tu ya mpaka wa nchi ile.

Patrice Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai, 1925, katika kijiji cha Onalua, Sankuru, katika jimbo la Kasai. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki wa kabila la Watetela. Alisoma katika shule za misheni, za Wamethodisti na za Wakatoliki, lakini hakufika masomo ya juu. Mengi aliyoyajua alijisomea mwenyewe baada ya kazi. Alikuwa karani wa posta huko Stanleyville, mji ambao sasa unaitwa Kisangani. Tusiyafiche makosa yake: mwaka 1956 alikamatwa, kisha akahukumiwa kifungo kwa kuchukua fedha za posta. Alipotoka gerezani alikwenda Leopoldville, yaani Kinshasa ya sasa, akafanya kazi ya kuuza bia. Mwezi Oktoba 1958 akawa miongoni mwa walioanzisha chama cha MNC, ambacho kilitaka Kongo iwe nchi moja, isigawanyike kwa makabila. Desemba ya mwaka huo alihudhuria mkutano mkubwa wa Waafrika huko Accra, ambao mwenyekiti wake alikuwa Tom Mboya wa Kenya.

Mwanzoni mwa 1960, Wabelgiji walipowaita viongozi wa Kongo kwenda Brussels kuzungumza juu ya uhuru, Lumumba alikuwa kifungoni tena, mara hii kwa sababu ya siasa. Ilibidi afunguliwe ili aende mkutanoni. Mwezi Mei uchaguzi ukafanyika, na Kongo ikapata Bunge lake la kwanza. Bunge hilo lilikuwa na mabaraza mawili: Baraza la Wabunge lenye watu 137, na Seneti yenye watu 84. Karibu wote walikuwa wageni katika kazi hiyo, kwa maana Wabelgiji hawakuwa wamewazoeza wenyeji kutawala. Chama cha Lumumba kilipata viti 33, vingi kuliko chama kingine cho chote, lakini havikutosha kutawala peke yake. Ikambidi ashirikiane na vyama vingine, na tarehe 24 Juni wabunge 74 wakaikubali serikali yake. Joseph Kasavubu, mtu mpole aliyewahi kusomea upadre, akachaguliwa na Bunge kuwa Rais. Uhuru ukapatikana tarehe 30 Juni, 1960.

Furaha haikudumu hata juma moja. Tarehe 5 Julai askari waliwaasi maofisa wao wa Kibelgiji. Tarehe 11 Julai, Moise Tshombe akatangaza kwamba Katanga, jimbo lenye utajiri wa shaba, limejitenga. Mwezi Agosti Kasai ya Kusini nayo ikajitenga. Umoja wa Mataifa ulileta majeshi, lakini haukukubali kuyatumia kumpiga Tshombe. Ndipo Lumumba akaomba msaada wa Urusi. Askari aliowapeleka Kasai waliwaua raia wengi wa Kiluba, na jambo hilo lilimpunguzia rafiki.

Basi, usiku wa tarehe 5 Septemba, Rais Kasavubu alitangaza katika redio kwamba amemfukuza Waziri Mkuu. Usiku ule ule Lumumba naye akaenda redioni akatangaza kwamba amemfukuza Rais. Nchi ikalala haina mkubwa, au ina wakubwa wawili, sijui tuseme lipi.

Hapa ndipo napenda tuwaangalie wale wabunge wageni wa kazi. Tarehe 7 Septemba walikutana, na kwa kura 60 dhidi ya 19 wakazitangua amri zote mbili. Hawakusema kwamba Kasavubu ameshinda, wala kwamba Lumumba ameshinda. Walitaka wakubwa hao wapatanishwe. Kesho yake Seneti, kwa kura 41 dhidi ya 2, ikakataa kufukuzwa kwa Waziri Mkuu. Siku chache baadaye mabaraza yote mawili yalikutana pamoja yakampa Lumumba madaraka makubwa zaidi. Lakini tarehe 14 Septemba Rais aliahirisha vikao vya Bunge, na jioni ile Kanali Mobutu, mkuu wa jeshi, akatwaa madaraka. Neno la wengi likanyamazishwa kwa bunduki.

Lumumba akakaa nyumbani mwake akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, na nje yao wakiwako askari wa Mobutu wakimngoja. Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoroka ili aende kwa watu wake Stanleyville. Njiani alichelewa kwa kusimama na kuzungumza na wanavijiji, na mwanzoni mwa Desemba akakamatwa karibu na mto Sankuru. Tarehe 17 Januari, 1961, alipelekwa Katanga, akapigwa sana, na usiku ule akapigwa risasi mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Aliuawa pamoja na wenzake wawili: Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wake, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Alikuwa na umri wa miaka 35. Miili yao iliyeyushwa kwa asidi ili pasiwe na kaburi.

Bunge lilifunguliwa tena Julai 1961, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, likizungukwa na walinzi wa Umoja wa Mataifa. Wabunge walikatazwa kutoka, wala kuwa na silaha au fedha mkononi, wasije wakanunuliwa. Tarehe 2 Agosti waliikubali serikali ya Cyrille Adoula. Katanga ilirudishwa Januari 1963. Lakini mwaka ule ule Rais alilivunja Bunge, na Novemba 1965 Mobutu akatwaa nchi yote, akaitawala hata mwaka 1997.

Mwaka 2001 tume ya Bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba nchi yao ilikuwa na lawama katika kifo kile, na mwaka uliofuata serikali yao ikaomba radhi. Jino moja, ndilo lililosalia katika mwili wake, lilirudishwa kwa jamaa yake mwaka 2022, likazikwa Kinshasa.

Ndugu zangu, mashauri mema si kazi ya wasomi tu. Wale makarani wa Kongo waliona upesi kwamba dawa ya ugomvi ule ilikuwa upatanisho. Waliowashinda ni wakubwa waliokataa kusikia. Hata katika halmashauri zetu za kanisa wako wanaosikiliza wenzao wanapokubaliana nao tu. Tunapowaombea watawala wetu Jumapili, tuwaombee pia masikio ya kusikia, na tusiwasahau jirani zetu wa Kongo.