Imaam Ad-Damiyriy: Fundi Cherehani Aliyeandika Habari za Wanyama



Tunaulizwa mara kwa mara: ikiwa wanasayansi wanasema nyangumi na pomboo si samaki, je, ni halali kuwala? Jibu tunalipata vizuri tukimjua Imaam Kamaalud-Diyn Muhammad bin Muusaa Ad-Damiyriy (Rahimahu Allaah).

Alizaliwa Cairo, Misri, mnamo mwaka 742 Hijriyyah (1341). Alianza maisha kwa kushona nguo, kisha akaiacha kazi hiyo na kuelekea kwenye elimu. Alisoma kwa Wanachuoni wakubwa wa madhehebu ya Shaafi'iy, akiwemo Jamaalud-Diyn Al-Isnawiy, mpaka naye akafundisha Al-Azhar. Alijulikana kwa kufunga sana na kwa ibada, na alikaa Makkah kwa vipindi kadhaa. Aliisherehesha Al-Minhaaj ya Imaam An-Nawawiy, kitabu ambacho Waislamu wa pwani yetu wanakijua vyema.

Mwaka 773 Hijriyyah alikamilisha Hayaatul-Hayawaan. Humo amewapanga mamia ya wanyama kwa herufi za alifu na be, akianza na simba. Kwa kila mnyama anaeleza jina lake katika lugha, umbo na tabia zake, Hadiyth zinazomtaja, na hukmu ya kumla. Yamo pia masimulizi dhaifu na tiba zisizo na dalili, kwa hiyo si kila kilichomo huchukuliwa.

Wanasayansi wana mpango mwingine. Wao huangalia maumbile na nasaba ya viumbe. Mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Sweden alimtoa nyangumi katika kundi la samaki na kumweka pamoja na wanyama wanaonyonyesha, kwa kuwa anavuta hewa kwa mapafu, anazaa na ananyonyesha. Hilo ni kweli, na Muislamu hana sababu ya kulikataa.

Lakini swali la mwanasayansi ni nani ndugu wa nani. Swali la Faqihi ni nini Allaah Amehalalisha. Aayah ya 96 ya Suwratul-Maaidah imehalalisha mawindo ya bahari, na Swahaba waliokuwa na Abuu 'Ubaydah (Radhwiya Allaahu 'anhu) walikula nyama ya nyangumi aliyetupwa ufukweni, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) akalikubali. Kwa hiyo, kwa Shaafi'iyyah, kiumbe asiyeishi ila majini ni halali hata akiwa hana umbo la samaki, isipokuwa mwenye sumu au madhara. Mahanafi wao huhalalisha samaki tu. Basi jina jipya la kisayansi halibadilishi hukmu.

Imaam Ad-Damiyriy alifariki Cairo mwaka 808 Hijriyyah (1405). Tunamuomba Allaah Amrehemu na Atunufaishe kwa elimu yake. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.