Denis Burkitt na Ramani ya Saratani ya Watoto

Barabara itokayo Voi kupitia Mwatate hadi Wundanyi si ndefu, lakini humpitisha msafiri katika hali mbili tofauti za hewa. Voi iko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, katika nyika ya joto, mibuyu na mikonge. Vilima vya Taita navyo hupanda hadi kilele cha Vuria, kinachozidi mita 2,200, ambako ukungu na baridi ni mambo ya kawaida. Upande wa magharibi, Taveta hunyweshwa na mto Lumi na chemchemi zitokazo Kilimanjaro, na penye maji na joto mbu hawakosi. Mwenyeji hahitaji kusomeshwa kwamba malaria ya bondeni si ya mlimani. Marehemu Daktari Denis Burkitt ndiye aliyeonyesha kwamba mipaka ya namna hiyo, ya mwinuko, joto na mvua, yaweza pia kutufumbulia yanayotukia ndani ya seli moja ya mwili wa mtoto.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa kisiwa cha Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa mno ndege. Aliwavisha pete miguuni na kuchora ramani ya eneo ambalo kila mmoja alilitawala. Huenda mwana alirithi mazoea hayo bila kujua. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Alijiunga na Trinity College, Dublin, kusomea uhandisi, akauacha na kushika udaktari, akahitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya tiba katika makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyomleta Afrika ya Mashariki: alihudumu kama daktari wa jeshi nchini Kenya na Somalia, na mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilimkubali Uganda. Alianzia Lira, ambako aligundua kwamba ugonjwa wa busha ulikuwa mwingi upande mmoja wa wilaya na haba upande wa pili. Kuanzia hapo, kila alipokutana na ugonjwa aliuliza ulikotoka mgonjwa.

Mwaka 1957, akiwa daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa na mwenzake, Hugh Trowell, amwone mtoto wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama hilo. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alimwona dirishani mtoto mwingine mwenye uso uleule, na alipompima akakuta uvimbe tumboni pia. Alirudi kwenye majalada ya Mulago na kuanza kuhesabu. Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958, na wataalamu wengi hawakuijali.

Haki yataka isemwe kwamba hakuwa wa kwanza kuuona ugonjwa huo. Kumbukumbu za Hospitali ya Mengo, aliyoiasisi Albert Cook, zilikuwa na wagonjwa wa namna hiyo miongo kadhaa kabla yake. Wala si yeye aliyeitambua aina ya seli zilizohusika; hiyo ilikuwa kazi ya wanapatholojia wa Kampala, akiwemo Gregory O'Conor, walioonyesha kwa hadubini kwamba uvimbe wa taya na ule wa tumbo ni saratani moja, nayo ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu. Mchango wa Burkitt ulikuwa kuuliza ni wapi ugonjwa huo unapatikana na wapi haupatikani.

Alipeleka picha na maswali kwa mamia ya hospitali barani Afrika. Kisha, mwezi Oktoba 1961, yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu wakaelekea kusini hadi Afrika Kusini. Walisafiri kilomita zipatazo 16,000 kwa wiki 10, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza kama watoto wa taya zilizovimba wameonekana hapo. Ramani iliyopatikana ilikuwa ya ajabu. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma penye mwinuko wa mita 1,500 hivi; kadiri mtu alivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi huko Entebbe, alieleza kwamba uliokuwa ukipimwa haukuwa mwinuko bali joto. Sehemu kavu mno nazo hazikuwa na ugonjwa. Ilikuwa, kwa ufupi, ramani ya mbu.

Watu wa Taveta walikuwa wamekwisha kushuhudia jinsi mbu anavyobadili maisha ya watoto. Kati ya 1954 na 1959, mradi wa malaria wa Pare na Taveta ulipuliza dawa ya dieldrini katika kuta za nyumba pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanganyika. Vimelea vilipungua sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua; upulizaji uliposimama, malaria ilirejea polepole.

Lakini malaria yenyewe si saratani. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara mjini London, na katika hadhira alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vilianza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi walivyoviona kwa hadubini ya elektroni ndani ya seli hizo. Leo yajulikana kwamba zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanavyo virusi hivyo, na wengi hawadhuriki.

Madhara hutokea pale mambo matatu yanapokutana katika seli moja. Seli inayohusika ni ile itengenezayo kingamwili. Kwa kawaida seli hii huzikata na kuziunga upya jeni zake za kingamwili, zilizo katika kromosomu ya 14, ili imtambue adui vyema zaidi. Ni kazi ya hatari, mithili ya fundi anayekata nyaya zenye umeme. Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha seli hizo kuifanya kazi hiyo bila kupumzika, na virusi navyo huizuia seli iliyoharibika isife. Siku moja kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC, ile inayoiamuru seli igawanyike, huungwa mahali pasipo pake, kando ya jeni ya kingamwili isiyolala. Amri ya kugawanyika haikomi tena, na uvimbe waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mabadiliko haya ya kromosomu yalifafanuliwa katika miaka ya 1970, na jeni yenyewe ikatambuliwa mwaka 1982.

Kasi hiyohiyo ndiyo udhaifu wa saratani hii, kwa maana dawa huziua seli zikiwa katika kugawanyika. Burkitt huko Kampala na Peter Clifford huko Nairobi walitumia dawa chache walizopata, na baadhi ya watoto walipona kabisa, jambo lililokuwa nadra mno kwa saratani ya wakati huo. Mwaka 1967 kituo maalumu cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Katika nchi tajiri sasa zaidi ya watoto 8 kati ya 10 hupona. Barani Afrika wanaopona ni wachache zaidi, kwa kuwa wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa au hukatiza matibabu kwa kukosa nauli na dawa.

Burkitt mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka Uganda mwaka 1966. Miaka iliyosalia aliitumia kuhubiri faida za vyakula vyenye nyuzinyuzi, akilinganisha maradhi ya Ulaya na ya vijiji vya Afrika alivyovijua. Alifariki Uingereza tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.