Az-Zahrawi, Tabibu Asiyeona Haya

Je, wamjua Abul-Qasim az-Zahrawi? Alizaliwa yapata mwaka 936 karibu na Cordoba, Andalusi, akafariki yapata 1013. Aliandika At-Tasrif, kitabu cha utabibu chenye sehemu 30. Ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake kuna michoro ya vifaa kama 200.

Maradhi ya mkojo hakuyaonea haya. Mtu akizibwa mkojo, dawa yake ilikuwa mrija mwembamba wa fedha hadi kwenye kibofu. Jiwe likikwama njiani, alieleza namna ya kulitoboa kwa kekee ndogo livunjike, litoke na mkojo. Karne ya 12 kitabu kikatafsiriwa kwa Kilatini, na Ulaya ikasoma kwake.

Sasa wewe hapa Voi, ukimwona babu anatoka safu ya tarawehe kila mara kwenda kukojoa, usimcheke. Huenda tezi dume imekua kwa uzee tu, huenda ni saratani. Bila kupimwa hatujui. Baada ya futari zungumza naye kwa adabu, kisha mpeleke Hospitali ya Moi. Kutafuta dawa ni sunna. Ramadhan Karim!