George Green, Msaga Unga wa Nottingham

Wataalamu wa hesabu ambao twayasoma majina yao vitabuni ni wengi, lakini ni wachache waliokuwa na maisha kama ya George Green. Alizaliwa mwaka 1793 katika mji wa Nottingham, nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mwokaji mikate. Mtoto alitiwa shuleni akiwa na umri wa miaka 8, akasoma mwaka mmoja na kitu tu, kisha akatolewa ili amsaidie baba yake kazi.

Mwaka 1807 baba yake alijenga kinu cha upepo juu ya kilima cha Sneinton, karibu na mji. Sisi tukaao Kigali twaujua upepo wa vilimani. Kinu cha namna hiyo hakiachwi peke yake, maana upepo ukigeuka ghafula huweza kukivunja. Basi Green akasaga ngano miaka mingi, na kila nafasi aliyoipata aliitumia kusoma. Mwaka 1823 alijiunga na maktaba ya mji.

Mwaka 1828 alichapisha kwa fedha zake mwenyewe kitabu juu ya hesabu za umeme na sumaku. Watu 51 waliandika majina yao ili wakinunue, na yamkini wengi wao hawakukielewa.

Je, kitabu kilisema nini? Tuseme bati limewekwa juu ya makaa mengi, nawe wataka kujua joto la kila mahali. Kwanza tafuta joto liletwalo na kaa moja tu, kisha ujumlishe ya makaa yote. Jibu hilo la kaa moja ndilo mfano wa kile kiitwacho leo fanksheni ya Green. Na ile njia ya kujumlisha, ipokeayo chanzo na kutoa jibu, wataalamu wa baadaye waliiita opereta ya potenshali. Hao nao walizipanga fanksheni katika jamaa mbalimbali, wapate kujua kwa hakika jibu litakuwa la jamaa gani: lililo laini, au lenye mikato.

Bwana mmoja mkubwa, Sir Edward Bromhead, alikuwa miongoni mwa wale wanunuzi, akatambua akili ya msaga unga huyu. Kwa kutiwa moyo naye, Green aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1833, akiwa na miaka 40, akakaa darasani na vijana. Katika mtihani wa mwaka 1837 alikuwa wa nne. Lakini afya yake iliharibika, akarudi kwao, akafa tarehe 31 Mei 1841. Kitabu chake kilikuwa kama kimesahauliwa.

Mwaka 1845 kijana William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikipata, akakipeleka Paris. Wataalamu wa huko walistaajabu. Kikachapishwa tena Ujerumani, na jina la Green likaenea.

Leo kinu kile kimetengenezwa, nacho chasaga tena. Hapa Kigali, tangu mwaka 2016, kiko chuo cha AIMS, ambako vijana wa Afrika husoma hesabu za juu. Wenzangu, Green hakuyaona matunda ya kazi yake, lakini hakuiacha. Akiba haiozi.